Kiti Kilikuwepo, Hakikufungwa: Kisa cha Kiti cha Mtoto Ndani ya Gari la Familia, Mtwara

Familia inayohusika imesoma maelezo haya na kuridhia yatolewe. Majina yameondolewa, na mambo machache ambayo yangewatambulisha nimeyaacha. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea.

Usuli

Ni familia ya watu watatu, wanaishi Mtwara mjini. Baba ni mwalimu wa sekondari, mama ni karani. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, wakati huo alikuwa na miezi 11, na kadi yake ya kliniki ilionyesha kilo 8.6. Bibi mzaa mama anakaa Lindi, na karibu kila mwisho wa mwezi hufunga safari kwenda kumwona: kilomita 100 na ushee, kupitia Mikindani na Mingoyo, lami mwanzo hadi mwisho.

Gari lao ni dogo, la milango mitano, lililotumika Japani kabla ya kuletwa nchini. Mara tu baada ya kulinunua walilivalisha kava nene za ngozi ya bandia, kama tunavyofanya wengi wetu ili viti visichakae kwa jasho na mchanga. Naomba msomaji azikumbuke kava hizo, kwani zina sehemu yake katika kisa hiki.

Kabla ya hapo mtoto alisafiri kwenye mapaja ya mama, siti ya mbele. Hakuna aliyeona tatizo, na sikumlaumu mtu, maana mimi mwenyewe nilikuzwa hivyohivyo. Lakini hesabu yake ni vizuri ijulikane. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 8.6 humvuta aliyempakata kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 170 hivi. Hiyo ni zaidi ya mifuko mitatu ya saruji, na mama anatakiwa kuizuia kwa mikono miwili, bila taarifa, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mapenzi ya mama hayapungui, ila mikono haiwezi.

Kiti walikipata kwa familia ya kigeni iliyokuwa ikirejea kwao baada ya kumaliza mkataba wa kazi. Kilikuwa kiti kizuri: ganda imara la plastiki, sponji nzima, mikanda mitano ya ndani inayokutana kwenye kifungio kimoja kati ya mapaja. Aliyekiuza aliwaambia kwamba hakijawahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa kimepotea.

Mimi ni jirani yao. Kazi yangu ni kufundisha madereva wa kampuni usalama wa barabarani, na somo la viti vya watoto nimelifundisha mara nyingi. Nalitaja hili kwa sababu alasiri ya Alhamisi nilimkuta baba akikifunga kiti hicho nje ya nyumba yao. Nikasimama, nikamwambia hongera kaka, umefanya jambo la maana, nikaendelea na safari yangu ya dukani. Sikukishika kile kiti.

Kilichotokea

Jumamosi asubuhi waliondoka kwenda Lindi. Baba aliendesha, mama alikaa mbele kushoto, na mtoto alikuwa nyuma ya mama, kitini, akitazama mbele. Wamepita Mikindani, mbuzi wawili wakakatisha barabara. Baba anasema alikuwa kwenye kilomita 60 hivi. Alikanyaga breki kwa nguvu zote, gari likasimama bila kugusa kitu.

Nyuma, kiti cha mtoto kiliinuka. Sehemu ya chini ilibaki karibu na mahali pake lakini mgongo wa kiti ulijitupa mbele, kama mtu anayesujudu, na paji la uso la mtoto likagonga mgongo wa siti ya mama. Mama alisikia mshindo kabla ya kilio.

Waligeuza gari. Hospitalini mtoto alipimwa, akaangaliwa kwa saa kadhaa kama atatapika au kuzidiwa na usingizi, kisha akaruhusiwa na uvimbe wa ukubwa wa kokwa la embe bolibo juu ya jicho la kushoto. Alipona. Lakini ile ilikuwa breki tu. Gari halikugonga chochote.

Jioni mama alinifuata nyumbani. Maneno yake nayakumbuka: "Kiti tulinunua ili kimlinde. Sasa nikirudi kumpakata nitakuwa nimekosea nini?" Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilihitaji tukalione gari.

Tulichokikuta

Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali, tulifungua milango yote minne ya pembeni. Nilimwomba baba asiguse kitu kwanza. Nikashika kiti pale mkanda wa gari unapopita, nikakisukuma kushoto na kulia kwa mkono mmoja. Kilitembea upana wa kiganja. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kisitembee zaidi ya sentimita 2.5, yaani takriban upana wa kidole gumba, na hupimwa hapo hapo penye mkanda, si kileleni. Kileleni kiti chochote hutikisika kidogo.

Kisha tulifuata njia ya mkanda. Viti vya aina hii, vinavyoweza kutazama nyuma au mbele, huwa na njia mbili, na rangi zake zina maana: buluu ni ya kutazama nyuma, nyekundu ni ya kutazama mbele. Njia ya buluu iko chini upande wa miguu ya mtoto, na ya nyekundu iko nyuma ya mgongo wa kiti. Baba alikuwa amekigeuza kiti kitazame mbele, lakini mkanda ameupitisha kwenye buluu, kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwanza na ndiyo inayofikika kwa mkono bila kuinama. Maana yake mkanda ulishika miguu ya kiti tu. Mgongo haukushikwa na chochote, na breki ilipokamatwa ukaanguka mbele. Hapo ndipo tulipopata jibu la mshindo ule.

Picha za kueleza yote hayo zilikuwa zimebandikwa ubavuni mwa kiti. Ubavu huo ulikuwa upande wa mlango, na hakuna aliyepata kuutazama.

Halafu kava. Ngozi ya bandia inateleza, na sponji yake nene ilibonyea chini ya uzito wa kiti na kuacha mkanda umelegea hata kama mwanzoni ulikazwa. Kifungio cha mkanda wa siti ya katikati kilikuwa kimefunikwa na kava kabisa. Tulipokichimbua kilitoka na mchanga na sarafu ya shilingi mia.

La mwisho lilikuwa mikanda ya ndani. Ilitokea kwenye matundu ya juu kabisa, usawa wa masikio ya mtoto, ikaachia nafasi ninayoweza kupitisha ngumi kati yake na kifua. Chini ya mtoto palikuwa na khanga imekunjwa mara nne, ili asichafue kiti. Khanga ile ilikuwa inabonyea pia.

Maamuzi na sababu zake

*Je, kiti kitumike tena?* Hili nililipa uzito. Kiti kilichokuwa ndani ya ajali hakifai tena, hata kikionekana kizima, kwa sababu plastiki yaweza kuwa na ufa usioonekana. Hapa hapakuwa na ajali, ni breki. Tulikivua kitambaa chote tukakagua ganda la plastiki kwa tochi ya simu, ndani na nje, pamoja na mishono ya mikanda. Chini ya kiti tulikuta alama ambayo watu wengi hawaijui: duara dogo lililochorwa ndani ya plastiki kama uso wa saa, namba 1 hadi 12 ukingoni, mshale unaoonyesha mwezi, na tarakimu mbili za mwaka katikati. Ndiyo tarehe ya kutengenezwa. Kiti kilikuwa na miaka minne. Watengenezaji wengi huweka ukomo kati ya miaka 6 na 10, kwani plastiki hudhoofika kwa joto na jua, na jua la Mtwara kwenye gari lililoegeshwa halina huruma.

Kilikuwa pia na lebo ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara, maandishi ya kilo 0 hadi 18, na namba inayoanza na 04. Hiyo ni ithibati ya kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 44, toleo la nne. Viti vipya zaidi hufuata kanuni namba 129, ambayo hupima mtoto kwa urefu badala ya uzito. Kiti cha mtumba kisicho na lebo ya ithibati, au ambacho muuzaji hajui kimetoka wapi, ningewaambia wakiache, hata kama ni cha bure. Hiki tulikubali kitumike.

*Atazame wapi?* Hapa ndipo tulipotumia muda mrefu kuliko pengine pote, kwa sababu bibi alikuwa amefika kutoka Lindi kwa basi la asubuhi baada ya kusikia habari za mjukuu, na hakuafiki.

Kwa kiti hiki jibu la kwanza lilikuwa kwenye lebo: kutazama mbele kunaanza kilo 9, na mtoto alikuwa na 8.6. Lakini hata angekuwa na kilo 10 ningesema atazame nyuma. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni karibu robo ya urefu wake na ni kizito mno kwa shingo yake. Mifupa ya shingo bado ina gegedu, haijakomaa, na kano zake ni laini. Gari likisimama ghafla akiwa anatazama mbele, mikanda hushika mabega lakini kichwa huendelea na safari, na shingo ndiyo inayovutwa. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti hupokea kichwa, shingo na mwili kwa pamoja, kama ukuta unavyompokea aliyeuegemea. Kanuni namba 129 inataka mtoto atazame nyuma hadi miezi 15 kwa uchache, na Sweden watoto wengi hubaki hivyo hadi karibu miaka minne.

Bibi alisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, mtoto anapewa mgongo kama aliyekosa? Na hiyo miguu itakaa wapi?" Alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini, mtoto yuko mgongoni mwake ndani ya mbeleko.

Nikamwambia shikamoo yangu iko palepale, Bibi, lakini naomba nikuulize. Ukimbeba mtoto kwa mbeleko, unaifungaje? Akanionyesha bila kujibu: akaiinamia, akavuta ncha zote mbili, akampandisha mtoto juu, akakaza, akajitikisa mabega kidogo kuona kama amekamata. Nikamuuliza, mbeleko ikilegea? "Anateremka, anaanguka. Mbeleko haifungwi kwa kubembeleza." Na miguu ya mtoto mgongoni, imenyooka? Akacheka. Imekunjwa, imempanda kiunoni, na mtoto analala usingizi. Kwenye kiti cha kutazama nyuma miguu hukunjwa hivyohivyo na haimuumizi.

Sikumshinda bibi kwa hoja siku ile. Alikubali kwanza lile la kukaza. La kutazama nyuma alilikubali baadaye.

*Akae siti ipi?* Mama aliuliza kama kiti kinaweza kukaa mbele, ili siku anazoendesha peke yake amwone mtoto. Nilikataa moja kwa moja. Siti ya mbele ya gari lile ina eabegi ndani ya dashibodi, yaani mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogonga, na haina swichi ya kuizima. Eabegi hujaa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na kiti kinachotazama nyuma huwa kimeigeuzia mgongo, palepale kichwa cha mtoto kilipo. Kitu kilichotengenezwa kumwokoa mtu mzima huweza kumuua mtoto mchanga. Kwenye jambo hili sina mlango wa mapatano.

Katikati nyuma ndiko mbali zaidi na milango, lakini mkanda wake ulikuwa wa kiunoni tu, na kiti chao kinahitaji mkanda wa pointi tatu, unaopita kiunoni na begani. Viti vingine hushikwa kwa vyuma vya isofiksi vilivyofichwa kati ya kikalio na mgongo wa siti, ila hiki kilikuwa cha mkanda pekee, kwa hiyo hatukuhangaika navyo. Zikabaki kulia na kushoto. Tulichagua kushoto, kwa kuwa kwetu tunaendesha upande wa kushoto, na mlango wa kushoto hufunguka upande wa ukingo wa barabara. Mzazi anapomtoa mtoto anasimama kwenye mchanga, magari hayapiti mgongoni kwake.

Kukifunga upya

Jaribio la kwanza lilishindikana. Tulikigeuza kiti kitazame nyuma, tukapitisha sehemu ya mkanda ya kiunoni kwenye njia ya buluu, na sehemu ya begani tukaizungusha nyuma ya mgongo wa kiti kama michoro inavyoelekeza. Mkanda ukaisha. Ulimi wake ulibaki vidole vinne kabla ya kufikia kifungio. Baba akataka kuuvuta kwa nguvu, kisha akapendekeza tupitishe sehemu ya begani mbele badala ya nyuma ili ufike. Nikasema hapana. Kiti kikishafungwa kwa njia ya kubuni, hakuna aliyekijaribu hivyo, nasi hatuwezi kuwa wa kwanza kukijaribu tukiwa na mtoto ndani.

Tulivua kava. Zile sentimita za sponji zilizokuwa zinainua kiti zilitosha kabisa: mkanda ukafika, ulimi ukaingia, tukasikia "ta". Chini ya kava kitambaa cha asili kilikuwa kikavu na chenye mikwaruzo, hakitelezi. Mama alisikitika kidogo kwa ajili ya siti yake. Tukatandika kitambaa chembamba cha pamba chini kabisa ya miguu ya kiti, pembeni, pasipopita mkanda.

Kukaza ni kazi ya watu wawili. Baba aliweka goti ndani ya kiti na kukandamiza kwa uzito wake, mimi nikavuta ulegevu wote, kwanza wa sehemu ya kiunoni, halafu wa begani, nikiurudisha kwenye roli yake. Mkanda ule una jambo lililotusaidia: ukivutwa wote hadi mwisho, unaporudi hulia "tra-tra-tra" na haukubali kutoka tena mpaka urudi wote. Magari mengi ya Japani yana mkanda wa namna hiyo, umewekwa mahususi kwa viti vya watoto, na wenye magari huuona kama ubovu. Wa upande wa kulia haukuwa nao. Inaonekana ulishabadilishwa zamani. Kwa hiyo nasema kila mkanda ujaribiwe peke yake. Asiyekuta sauti hiyo kwenye gari lake aangalie kama kiti chenyewe kina kibano cha kubana mkanda.

Nikashika tena penye mkanda, nikasukuma. Kidole kimoja. Baba akasukuma naye. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ndivyo kinavyotakiwa kuwa." Nadhani alikuwa anaikumbuka Alhamisi.

Mlalo wa kiti tuliutazama gari likiwa mahali tambarare. Mtoto mchanga asipolazwa vya kutosha, kidevu humwangukia kifuani na pumzi hubanwa. Huyu wa miezi 11 alikuwa na shingo imara, hivyo hatua ya kati ilimtosha.

Mikanda ya ndani tuliihamisha hadi matundu yaliyo chini kidogo ya mabega. Anayetazama nyuma mikanda yake hutokea usawa wa mabega au chini yake, na anayetazama mbele usawa wa mabega au juu yake. Khanga tukaitoa. Tulimweka mtoto na nguo yake nyepesi tu, tukavuta, kisha nikamwomba bibi aje apime. Nilimwonyesha: jaribu kuubana mkanda begani kwa vidole viwili, kama unavyofinya ukingo wa kitambaa unaposhona. Ukipata kikunjo, bado. Bibi alifinya, akapata. Akavuta utepe wa kukazia mwenyewe, kwa nguvu kuliko nilivyotarajia, akafinya tena, vidole vikateleza. Akapitisha kidole kimoja chini ya mkanda kuona kama mtoto anapumua vizuri. Akasema, "Sasa amebebwa."

Matokeo

Safari ya kwenda Lindi iliyofuata, wiki mbili baadaye, mtoto alilia kutoka nyumbani hadi Mikindani. Mama, ambaye sasa alikuwa amekaa nyuma pembeni yake, hakumtoa. Tulikuwa tumekubaliana mapema: akihitaji kunyonya, gari litasimama kabisa nje ya barabara, anyonye, arudishwe, afungwe, ndipo safari iendelee. Walisimama mara mbili. Safari iliongezeka kama dakika 40. Safari ya tatu alilala karibu njia nzima.

Baada ya wiki tano nilipita tena na kutikisa kiti. Kilitembea upana wa kiganja, kama siku ya kwanza. Nilishtuka, baba akashtuka zaidi. Tuliulizana mpaka ikajulikana: gari lilikuwa limepelekwa kuoshwa Ijumaa, vijana wakatoa kiti ili wasafishe siti, wakakirudisha kwa heshima na usafi, mkanda ukipita mbele kama wa mtu mzima. Hawakuwa na kosa, hakuna aliyewaambia. Mtoto alikuwa amesafiri hivyo kwa siku tatu ndani ya mji.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni kutikisa, na hakina gharama. Familia ilikuwa na kiti chenye ithibati, lebo zote, nia njema na fedha iliyotoka mfukoni, na bado mtoto aliumia, kwa sababu macho yaliridhika na kuona kiti kipo. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na kwamba kiti sahihi hupunguza sana vifo vya watoto wachanga ndani ya magari. Punguzo hilo linahesabu kiti kilichofungwa. Kiti kilichowekwa tu ni mzigo mwingine ndani ya gari, wenye mtoto juu yake.

Kuvua kava ndiko kulikotatua tatizo ambalo nguvu zisingetatua. Tangu siku hiyo, nikiitwa kutazama kiti cha mtoto, naanza na kava kabla ya mkanda.

Kilichofeli kwangu ni Alhamisi. Nilikuwa na elimu yote iliyohitajika, nimesimama hatua tatu kutoka kwenye gari, nikatoa pongezi mahali palipohitaji mkono. Nilihofia kuonekana najitia mjuaji mbele ya jirani, na mtu mzima. Ningeomba tu, "Kaka, hebu nikitikise," ingechukua dakika moja. Hofu hiyo wanayo wengi wenye ujuzi, mafundi, wauguzi, walimu wa udereva, na ndiyo sababu nimeona kisa hiki kiandikwe.

Kilichofeli kwetu sote ni kudhani kwamba kazi ikishafanywa imekwisha. Hatukumfikiria mwosha magari, wala fundi wa gereji, wala shemeji anayeazima gari siku moja na kuhitaji nafasi ya mizigo. Baba sasa hukitoa kiti mwenyewe kabla ya kwenda kuosha, na hukirudisha mwenyewe. Ubavuni, chini ya lebo, wamebandika karatasi ya mwandiko wa mama: BULUU. VUTA WOTE. TIKISA.

Jambo moja lilibaki bila ufumbuzi. Siku za kazi mtoto hupelekwa kwa mlezi kwa bajaji, na kwenye bajaji hakuna mkanda wala mahali pa kiti. Niliwashauri watumie gari inapowezekana hata kwa safari fupi. Nusu ya siku haiwezekani, kwa kuwa baba huondoka nalo mapema. Hapo sikuwa na zaidi ya kuwaambia wachague dereva wa bajaji wanayemfahamu, na mama akae katikati ya siti, mbali na uwazi wa pembeni.

Na joto. Kifungio cha kati cha kiti kina chuma, na gari likiegeshwa juani mchana huweza kumuunguza mtoto pajani. Wanafunika kiti kwa khanga gari linapoegeshwa, na wanaiondoa kabla ya kumweka. Kumwacha mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika za kununua samaki, ni mwiko. Mama alilisema kabla sijalisema mimi.

Mwezi uliopita mtoto alitimiza mwaka na miezi minane. Kadi inasoma kilo 11.9. Mikanda imepandishwa tundu moja. Kwa kiti hiki atatazama nyuma hadi kilo 13, au hadi utosi ukaribie ukingo wa juu wa kiti kwa sentimita 2.5, kitakachotangulia. Tulipompima, bado palikuwa na vidole vitatu na nusu.